Mgongo: Inchi Kumi na Nane na Nusu

Tarehe 2 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee mama hapo chumba cha pili, ila barua usimsomee. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hiyo anaishika yeye, na wewe ukiongea nayo unapaza sauti mpaka majirani wanaitikia. Goti lake linaendeleaje? Na macho yako?

Huku tupo. Kazi ni ile ile ya maabara. Asubuhi zinaletwa chupa za maji kutoka visimani na mabombani, nazipima, naandika namba, jioni namwaga maji na kuosha chupa. Nimepewa koti jipya jeupe, kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Mikono inaishia katikati ya kiwiko na kiganja. Mkubwa wangu wa kazi alilitazama akasema angalau halitaingia kwenye maji.

Shida yangu ni nguo, Mama Mdogo. Jumamosi nimezunguka maduka manne. La kwanza, gauni lilinifika magotini na kiuno chake kikakaa kwenye mbavu. La pili, muuzaji alinivisha kilemba cha ukoka, eti mikono mifupi namna ile ndiyo mtindo, wakati lebo imeandikwa mikono mirefu. La tatu lina chumba cha kujaribia chenye pazia, na pazia linaishia mabegani mwangu, kwa hiyo nilivua nguo huku natazamana na foleni ya malipo. Mzee mmoja alinisalimia, nikamwitikia. La nne walinielekeza upande wa wanaume.

Ningevaa ulizonishonea wewe, lakini nazo zimeanza kunikataa. Zinanivuta mbele na kutuna nyuma, zote, hata ile ya mwaka jana. Sijui nimenenepa au nimekonda. Kioo changu kinaonyesha mpaka shingoni tu.

Nahitaji gauni moja la heshima kwa ajili ya tarehe 21 Agosti. Siku hiyo nitatakiwa kutoa jibu la jambo mbele ya watu, na sitaki kuwa navuta-vuta nguo wakati naongea. Ni jambo gani, nakuomba usiniulize kwanza.

Hamu ya gauni lenyewe sina. Siku hizi sina hamu ya kitu chochote. Nakuambia tu, usianze kuhangaika.

Mwanao,
Ngongoti


Tarehe 19 Machi

Ngongoti wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Goti linamsumbua yeye, na yeye anatusumbua sisi. Macho yangu bado yanaona tundu la sindano, yasipoliona naliulizia. Nina sare za shule mbili za kumaliza na zipu zimeadimika, basi ujue jinsi ninavyokupenda mpaka nimekaa kuandika.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya pazia. Mara ya pili nilikasirika. Nguo zangu zinavuta mbele? Nimeshona miaka thelathini na nne, nimeshonea wenye vitambi, wenye vibyongo na bibi mmoja mwenye bega moja, hakuna aliyevutwa mbele. Karatasi yako ya kukatia ninayo ukutani tangu harusi yako, mgongo inchi ishirini, mbele inchi kumi na nane, na kila mwaka nimekukatia kwa hiyo hiyo bila lawama. Mwili wako ndio umefanya vituko.

Pimwa upya. Mtafute mtu anayejua kushika futi, si mumeo, yeye atakupima kiuno tu aishie hapo. Nataka kifua, kiuno, nyonga, mkono, mgongo kutoka kwenye mfupa wa shingo hadi kiunoni, mbele kutoka begani hadi kiunoni, na urefu wote. Usivute pumzi ndani kujipunguza. Ninyi wote mnafanya hivyo, halafu mnakuja kulia kwangu.

Hilo jambo la Agosti sikuulizi. Lakini ujue kwamba nimenyamaza kwa shida sana.

Na huyo mkwe wangu vipi? Siku zote anaongeza mstari wake chini ya barua yako, safari hii sijauona. Mwambie kuandika hakuumizi mkono.

Mama Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama ni mzima. Huku mvua imeanza na chupa zinakuja na tope.

Vipimo hivi hapa. Nimepimwa na dada anayetunza stoo ya kazini. Hana futi ya kitambaa, alitumia ile ya chuma ya kupimia mabomba. Ni mtu makini, alipima kila sehemu mara tatu na kuniwekea sahihi chini kama anapokea mzigo.

Kifua 36. Kiuno 29. Nyonga 40. Mkono 26. Mgongo 18 na nusu. Mbele 19 na nusu. Urefu wote, kisigino hadi utosini, futi sita na inchi moja na nusu.

Huo urefu wa mwisho ulimshangaza. Alisema kwenye faili langu la kazi wameandika futi sita kasoro.

Kuhusu mstari wa chini, ana shughuli.

Mwanao,
Ngongoti


Tarehe 15 Mei

Ngongoti,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Sare za shule zilinikalia kooni, halafu cherehani kubwa ikagoma, fundi wake akaja akaifungua yote na kuondoka na parafujo moja mfukoni. Mama yako amekwenda kliniki, wamempa dawa ya kupaka. Anaipaka mbele ya wageni ili wamwonee huruma.

Gauni liko ndani ya bahasha hii. Buluu iliyoiva, kitambaa kizito kidogo kisichojikunja ukikaa. Nimekuwekea bitana na mifuko miwili, maana najua hujui pa kuweka mikono.

Sasa nikuambie kuhusu huyo dada wa stoo. Ni mtu mwema lakini asinunuliwe futi. Ya chuma haikunjiki mgongoni, inakata kona, ndiyo maana mgongo wako umekuwa mfupi na mbele pamekuwa parefu, kinyume kabisa na ulivyo. Nimesahihisha. Nimechukua kifua, kiuno na mkono kutoka kwake, lakini mgongo na mbele nimefuata karatasi yangu ya ukutani. Mwili wako naujua kuliko wewe.

Livae, simama mbele ya kioo, halafu uniandikie kunishukuru.

Mkwe wangu bado ana shughuli?

Mama Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Asante kwa gauni. Rangi ni nzuri na mifuko imenifaa. Lakini linanivuta kifuani na nyuma limefanya mfuko, juu kidogo ya kiuno, anaweza kukaa kuku.

Nimelijaribu mara nyingi ili nikueleze vizuri. Nikishusha mabega na kuinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, linakaa sawasawa, halina kasoro hata moja. Nikisimama kawaida linakataa.

Nimelirudisha pamoja na barua hii. Usijisumbue sana. Nikikosa nitavaa koti la kazi.

Ngongoti


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama yako mzima, amelala.

Nimelitandaza gauni mezani. Nikaishusha karatasi yangu ukutani, nikaweka na namba zako za Aprili, nikavaa miwani. Mgongo umepungua inchi moja na nusu. Mbele pameongezeka inchi moja na nusu. Mtu anaweza kunenepa, anaweza kukonda, lakini mgongo hauwezi kuhamia mbele. Nimekaa hapo mpaka chai ikapoa, na wateja wawili nikawaambia warudi kesho.

Fundi yeyote anajua jambo hili na mimi nilijifanya silijui. Mwenye mgongo mrefu kuliko mbele ni mtu aliyeinama. Yule dada hakukosea. Alimpima mtu aliyesimama wima, na mimi nimemkatia nguo mtu aliyeinama.

Wewe huinami kwa sababu ya kazi. Meza za maabara uliniambia ni za juu. Huinami kwa sababu ya umri, hujafika hata arobaini. Umeinama miaka kumi na moja kwa ajili ya mtu mmoja, ili kichwa chako kiwe karibu na chake mkiwa njiani, mkiwa kwenye picha, mkiwa mlangoni kwangu.

Sasa umenyooka. Yuko wapi?

Mama Mdogo wako


Tarehe 8 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Natumaini goti la mama limepata nafuu, na ile parafujo imerudishwa.

Aliondoka tarehe 15 Desemba. Ilikuwa Ijumaa, nilikuta kabati lake wazi. Amechukua nguo, redio na pasi. Aliacha karatasi mezani kwamba anahitaji nafasi ya kufikiri. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikapika, nikala. Jumatatu nilikwenda kazini nikapima chupa ishirini na sita na sikukosea hata namba moja.

Sikulia. Nilingoja nilie, nikadhani labda Jumapili, labda mwisho wa mwezi. Hakuna kitu. Watu wananiuliza habari, nasema nzuri, na sidanganyi, sihisi ubaya. Sihisi uzuri pia. Mwili mzima umekufa ganzi, ila unatembea.

Kunyooka sikuamua. Nilikuwa sijui kama nimenyooka mpaka ulivyoniandikia. Labda ni kwa vile hakuna tena mtu wa kumsikiliza kule chini.

Mama anajua. Mume wangu alimpigia mama simu Januari, akajieleza, na mama akaniambia nisikwambie wewe kwa sababu una mdomo. Akaniambia nikae kimya, wanaume huwa wanarudi. Kweli, anataka kurudi. Amepeleka maombi kwenye ofisi ya usuluhishi wa ndoa na tumeitwa tarehe 21 Agosti. Nitaulizwa kama nakubali. Mama anapiga simu kila Jumapili kunikumbusha jinsi ya kujibu.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Na mimi sijui nitasema nini. Ningekuwa namchukia ningekataa. Ningekuwa nampenda ningekubali. Sasa hivi, mtu yeyote atakayeniuliza kwa sauti nzuri nitamwambia ndiyo, ili tu niende nyumbani. Naogopa hilo. Nadhani naogopa. Ni jambo pekee linalofanana na hofu nililo nalo.

Niambie niseme nini.

Ngongoti


Tarehe 24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimemuuliza mama yako. Kwanza alisema goti linamuuma, halafu akasema ndiyo, alijua. Tumegombana vibaya. Ana siku nne hazungumzi nami na anakula chumbani kwake. Amesema mwanamke wa kimo chako akimwacha mume mmoja hapati mwingine. Nikamwambia aniondokee.

Lakini nilipotulia niliona siwezi kumlaumu mama yako kwa hilo, kwa sababu mimi nilianza.

Hukumbuki, au unakumbuka na hujawahi kunisema. Siku ya kupimwa gauni la harusi uliingia kwangu umesimama wima kama ulivyozaliwa. Mama yako alikuwa kwenye kiti cha wateja. Mchumba wako alikuwa anangoja nje, jua likamshinda, akaingia, akasimama karibu yako mbele ya kioo changu kirefu. Kichwa chake kilifika begani mwako. Alijitazama, akajinyoosha. Mama yako akakohoa. Na mimi, futi ikiwa shingoni, nikasema, "Shusha mabega kidogo, mwanangu." Ukashusha. Nikasema, "Tena kidogo." Ukashusha tena, na yeye akatabasamu kwenye kioo. Hapo ndipo nikapima. Hapo ndipo nikaandika inchi ishirini.

Nguo iliyokatwa namna ile ina ubaya wake. Ukinyooka inakubana kifuani, ukiinama inakuachia. Hakuna haja ya mtu kukuambia uiname, nguo yenyewe inakuambia, asubuhi hadi jioni. Nimekutumia moja kila mwaka, na kila mwaka ulinishukuru. Na ulipoleta namba za mtu aliyenyooka, nikaona bora chuma ndicho kikose kuliko mimi. Nikazisahihisha, nikakuinamisha tena.

Naona aibu, mwanangu. Naandika neno hili wazi kwa sababu usoni mwako nisingeweza kulisema.

Umeniomba nikuambie useme nini. Siwezi. Nilishakuambia usimame vipi, na hilo limetosha kwa maisha yangu na yako.

Lile gauni nimelifumua, halikufaa kuungwa upya. Nimekata jingine, buluu ile ile. Mgongo kumi na nane na nusu. Mbele kumi na tisa na nusu. Sijasahihisha kitu. Karatasi ya ukutani nimeichana.

Mama Mdogo wako


Tarehe 23 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Gauni lilifika tarehe 10. Nililivaa mara moja, nikalitundika. Lilinienea kila mahali. Sikujua nguo inaweza kukaa mwilini ukaisahau. Nilitaka kukuandikia siku ile ile kuhusu hayo uliyosema, na nilishindwa. Siku ile ya kioo naikumbuka. Nilidhani mnanisaidia. Nimekusamehe, nafikiri, ila nipe muda niusikie msamaha wenyewe ndani yangu, kwa sasa naujua kichwani tu.

Juzi nilikwenda. Ofisi yenyewe ni ndogo, meza moja, viti vitatu, kalenda ya mwaka juzi, feni inayokwaruza. Msuluhishi ni mama wa makamo, mpole, anaandika kila kitu. Mume wangu alikuwa ameshafika na ameketi. Nikaketi.

Alizungumza vizuri sana. Alisema amefikiri, amenisamehe ukimya wangu, nyumba bila mimi si nyumba, na mama yangu amempa baraka zote. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza redio ya jirani. Sikuhisi kitu, Mama Mdogo. Msuluhishi akanigeukia akaniuliza kwa sauti nzuri, ile ile niliyokuwa naiogopa, "Na wewe, mama, unasemaje?" Na neno ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa nimechoka, nilitaka feni inyamaze.

Nikasema naomba nisimame kwanza, miguu inauma. Nikasimama. Na mume wangu, kwa adabu au kwa mazoea, akasimama pia, akaja karibu yangu.

Akaniangalia usoni. Ilibidi ainue kichwa. Halafu akashusha macho taratibu mpaka sakafuni, kwenye miguu yangu, akaikazia macho. Akasema, "Kwani umevaa viatu virefu?"

Hata mimi nilitazama. Nilikuwa nimevaa ndala zangu za ngozi, zile bapa.

"Hapana," nikamwambia.

"Mbona umerefuka?"

"Sijarefuka. Huu ndio urefu wangu."

Akacheka, akamwambia msuluhishi, "Hakuwa hivi."

Miaka kumi na moja, Mama Mdogo. Tumekula meza moja, tumelala kitanda kimoja, na hajui kimo changu. Kitu kikaanza kunichoma tumboni kikapanda mpaka masikioni, kama mguu uliokufa ganzi unavyochoma ukianza kupata damu. Nilidhani naumwa. Halafu nikakitambua: nilikuwa nimekasirika. Nikatia mikono mifukoni. Na nilifurahi, utanishangaa, nilifurahi kukasirika.

Nikasema sirudiani naye. Msuluhishi akaniuliza mara ya pili, maana ndiyo utaratibu wao, na mara ya pili nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti kubwa kidogo. Mume wangu akaketi. Mimi nilibaki nimesimama mpaka karatasi ilipoandikwa.

Nje, kwenye ngazi, ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kamasi zikitoka, na watu wakipita. Nimelia jana pia na leo asubuhi kazini, chupa mbili zimenivunjikia. Si raha hata kidogo. Usije kunibembeleza bado, niache niendelee.

Mama usimwambie. Nitampigia mwenyewe Jumapili kabla hajanipigia yeye. Akikata simu, nitapiga tena.

Mwanao